Kwa Nini Kuta za Kwelumbo Huchorwa

Sogeeni karibu, na mwenye kukohoa akohoe sasa, maana habari hii haipendi kukatizwa.

Hapo kale kuta za nyumba za Kwelumbo hazikuwa na kitu. Hazikupakwa rangi, hazikuchorwa, hazikuwekwa hata alama ya kidole. Nyumba zote zilikuwa za duara, za udongo wa kahawia, paa la nyasi likishuka mpaka usawa wa kifua cha mtu na mlango ukitazama bonde. Ukisimama juu kilimani ungedhani unatazama vichuguu vya mchwa. Ndivyo wazee walivyotaka. Walisema nyumba inayojipamba huita husuda, na husuda huita mauti. Mwanamke aliyethubutu kupitisha mstari mmoja wa majivu juu ya mlango wake aliambiwa aufute kabla jua halijageuka.

Mwiko huo haukumdhuru mtu mpaka ulipofika mwaka wa ukungu mrefu.

Ukungu si mgeni huku milimani. Huja na baridi, hukaa asubuhi, jua likipanda huondoka. Lakini mwaka ule ulipanda kutoka bondeni na haukushuka. Siku kumi zikapita, zikawa ishirini, zikawa arobaini. Mchana ulikuwa mweupe kama tui la nazi, mtu akinyoosha mkono haoni ukucha wake mwenyewe. Na ndani ya ukungu huo likaja zimwi.

Mwanzoni hakuna aliyejua kuwa ni zimwi. Watu walijua tu kwamba jirani ametoka na hakurudi. Mmoja alikwenda kuchanja kuni, mwingine kumtazama ndugu mgonjwa nyumba ya tatu. Wakiwatafuta, walikuta mahali nyasi zimelala chini kwa duara, kama vile kitu kizito kilikuwa kimeketi hapo, na pembeni kibuyu au jembe. Damu haikuwepo, wala alama za kuburutana. Hilo ndilo lililowatisha zaidi, kwamba watu wale walionekana kwenda kwa hiari yao.

Wa tano kupotea alikuwa Mbazi, kijana mpole aliyetoka asubuhi kwenda kutazama mitego yake ya fuko. Alimwacha mkewe Nakijwa, binti yao Kiangi aliyekuwa wa miaka sita, na mama yake mzazi, Bi Nakunda, ambaye macho yake yalikuwa yamekufa zamani. Nakijwa alizunguka mteremkoni akiita jina la mumewe mpaka sauti ikamkauka. Alichopata ni mtego mmoja, haujafyatuka, katikati ya duara la nyasi zilizolala.

Baada ya hapo watu walijifungia. Walitoka kwa haja ya maji tu, wanawake wakishikana kwa kamba ya mgomba, mmoja nyuma ya mwingine. Ndani ya nyumba, Kiangi aliacha kula. Alikaa amejibanza kwenye ukuta, macho hayabanduki mlangoni, na kila upepo ulipotikisa matete ya mlango alikojoa alipokaa. Bi Nakunda alimwimbia, haikusaidia. Nakijwa alimkumbatia, akahisi moyo wa mtoto unavyopiga kama wa kifaranga kilichoshikwa mkononi.

Siku moja Nakijwa alikuwa akiziba ufa wa ukuta kwa udongo mweupe aliokuwa ameuhifadhi kwa kupaka mitungi. Kidole chake kikateleza, kikaacha mstari uliopinda ukutani. Aliutazama. Ulifanana na mgongo wa kuku. Bila kufikiri akauongezea mdomo, akauongezea mkia.

"Huyo ni nani?" Kiangi akauliza. Lilikuwa neno lake la kwanza kwa siku tatu.

"Kuku."

"Mbona hana miguu?"

"Mpe wewe."

Mtoto akasogea kwa magoti, akachovya kidole kwenye udongo, akampa kuku miguu. Akampa mitatu. Nakijwa hakumsahihisha. Walipomaliza kuku wakachora boga, kisha milima, kisha mvua. Udongo mweupe ulipopungua wakachanganya masizi ya chungu na mafuta kidogo, wakapata nyeusi. Wakaponda kipande cha gae, wakapata nyekundu. Kiangi alikuwa na tope mpaka masikioni, na jioni alikula viazi viwili.

Bi Nakunda alisikia mikwaruzo ile akajua. "Mkamwana," alisema, "unavunja mwiko ndani ya nyumba ya mwanangu."

"Ni ndani tu, mama. Hakuna atakayeona. Mtoto alikuwa anatufia mikononi."

Bibi alinyoosha mkono, akapapasa ukuta. Kisha akasema, "Basi ongezeni udongo, mistari iwe minene. Na mimi nione." Wakaongeza. Akawa anakaa karibu na ukuta, akipitisha vidole juu ya kuku na boga na milima, akitabasamu peke yake. Kwa siku chache nyumba ile ikawa na kitu kinachokaribiana na amani, ingawa nje ya mlango weupe ulikuwa umesimama pale pale, ukingoja.

Kisha maji yakaisha.

Wanawake sita walitoka wakiwa wameshika kamba. Nakijwa alikuwa wa mwisho. Walipofika kisimani walijaza mitungi kimya kimya, kwa kuwa walikuwa wamejifunza kwamba ukungu una masikio. Wakati wa kurudi, katikati ya mteremko, Nakijwa alijikwaa. Mkono wake uliachia kamba kwa muda wa pumzi moja tu. Alipoutupa tena mbele ulishika hewa.

Aliita. Wenzake waliitika, lakini sauti zao zilitoka kila upande, juu, chini, kushoto, na kila alipoifuata moja ilikuwa imehama. Baadaye hazikusikika tena. Akabaki na mtungi kichwani, na baridi ikimpanda kutoka kwenye nyayo.

Hapo ndipo aliposikia, karibu kabisa, "Mama! Njoo, uji unapoa!"

Ilikuwa sauti ya Kiangi. Nakijwa nusura alie kwa furaha. Hatua nane tu, na nyumba yake ikajitokeza katika weupe, paa lake, mlango wake, moshi wake. Akatua mtungi, akainama, akaingia.

Moto ulikuwa unawaka katikati ya mafiga matatu. Mkeka ulikuwa mahali pake. Kiangi alikuwa amekaa akimpa mgongo, nywele zimesukwa vilevile alivyomsuka yeye mwenyewe siku zote. Palikuwa na joto. Joto jingi, na lenye unyevu, kama la ndani ya zizi.

"Bibi yuko wapi?" Nakijwa akauliza.

"Amelala," mtoto akajibu, bila kugeuka. "Kaa, mama. Umechoka."

Nakijwa alikuwa amechoka kweli. Ili asianguke akaegemea ukuta kwa kiganja, na kiganja chake kikatafuta, kwa mazoea ya siku chache zile, mgongo wa kuku. Hakikuupata. Akapapasa juu, akapapasa chini. Hapakuwa na boga wala mlima wala mvua. Ukuta ulikuwa laini kote. Tena ulikuwa vuguvugu, na chini ya kiganja chake ukuta ule ukavuta pumzi.

Alijua yuko wapi. Alijua pia kwamba Mbazi alikuwa amesimama hapohapo, akaota moto huuhuu. Akili yake ikamwambia usikimbie, ukikimbia mlango utafumba. Akalazimisha sauti itoke kama sauti ya siku zote.

"Nimesahau mtungi nje, mwanangu. Ngoja niuingize, usije ukavunjwa na mbuzi."

"Usitoke, mama."

"Narudi sasa hivi."

"Usitoke," mtoto akasema tena, na safari hii sauti haikutoka mdomoni mwake. Ilitoka kwenye kuta zote.

Nakijwa alirudi kinyumenyume, hatua, hatua nyingine, bila kuondoa macho kwenye mgongo ule mdogo ambao haukugeuka. Kisigino chake kilipogusa nyasi baridi za nje alijitupa. Mlango ulifumba kwa sauti ya taya, ukakata pindo la kaniki yake kama kisu. Akaviringika mteremkoni, akainuka, akakimbia asikokujua.

Alikimbia mpaka akagonga ua wa miti. Aliupapasa, akaujua, ni ua wake wa nyuma. Akauzunguka mpaka mbele. Hapo akasimama, maana mbele yake zilikuwepo nyumba mbili, ubavu kwa ubavu, paa lile, mlango ule, moshi ule. Zimwi lilikuwa limemfuata.

"Mama, ingia!" Kiangi aliita kutoka mlango wa kushoto.

"Mama, ingia!" Kiangi aliita kutoka mlango wa kulia.

"Mkamwana, mbona unasimama kwenye baridi?" Bi Nakunda alisema, na maneno hayo yalitoka kotekote kwa pamoja.

Michoro ilikuwa ndani. Kutoka nje nyumba yake haikuwa na lolote la kuitambulisha, kama mwiko ulivyotaka. Nakijwa alisimama katikati. Akifanya kosa, atakuwa ameliingia zimwi kwa miguu yake. Akikawia, mtoto wake angeweza kutoka kumfuata, akarudi kwenye mlango unaomeza watu.

"Kiangi," akasema mwishowe. "Usitoke nje. Unanisikia? Hata nikikuita, usitoke. Chukua udongo mweupe kwenye gae, toa mkono tu mlangoni, unichoree kuku ukutani."

Punde kwenye mlango wa kushoto ukatoka mkono mdogo. Na kwenye mlango wa kulia ukatoka mkono mdogo.

Mkono wa mlango wa kulia ulikuwa na vidole vinono kama vya mwanawe, lakini haukuwa na udongo. Zimwi liliijua nyumba ile kama Mbazi alivyoiacha tu, halikujua udongo mweupe uliwekwa wapi wala wa nini. Hata hivyo lilijaribu. Likakunja kidole, likakwaruza ukuta wake kwa ukucha. Ukuta ulitetemeka kutoka mlangoni mpaka paani, na penye mkwaruzo pakachuruzika maji mekundu, kwa sababu ulikuwa ngozi yake mwenyewe. Mguno mzito ukapita chini ya miguu ya Nakijwa.

Kushoto, kuku mweupe alikuwa anaota polepole, amepinda, mkubwa upande mmoja. Mkono ulisita, kisha ukampa miguu mitatu.

Nakijwa aliruka ndani ya mlango wa kushoto, akafunga matete, akaweka gogo, akaanguka juu ya mwanawe. Alilia mpaka Bi Nakunda akaja akipapasa, akawafunika wote wawili kwa ngozi ya kondoo.

Siku ya pili habari zilimfikia, kwa vinywa vya wale wanawake watano waliorudi salama, Mzee Senkondo, mshika miko wa Kwelumbo. Alikuja akiongozwa na fimbo yake, kwa kuwa alikuwa mtu asiyeogopa kitu, au ndivyo alivyojulikana. Nakijwa alimpigia shikamoo. Hakuitikia. Alimgusa kuku kwa ncha ya fimbo.

"Futa," akasema.

"Baba, kuku huyu ndiye aliyenirudisha nyumbani."

"Miko haikuwekwa na mimi, binti. Iliwekwa na waliolala chini ya ardhi. Futa kabla hujatuletea makubwa zaidi."

"Makubwa gani zaidi ya haya?" Nakijwa akauliza, na yeye mwenyewe akashangaa kusikia sauti yake. "Mume wangu hana kaburi. Sitafuta."

Hakuna mwanamke aliyewahi kumjibu Mzee Senkondo hivyo. Akageuka, akaingia ukunguni, fimbo yake ikigonga mawe, nyumba yake ikiwa si mbali.

Alirudi jua lilipokuwa karibu kuzama, akitambaa. Midomo yake ilikuwa ya buluu. Alisimulia kwa vipande vipande kwamba alifika nyumbani kwake akamsikia mkewe akimkaribisha, na alikuwa ameshaweka mguu mmoja kizingitini alipokumbuka kwamba mkewe alikufa miaka tisa iliyopita. Akarudi nyuma. Akatafuta nyumba nyingine, akaikuta, akaogopa kuingia. Akatafuta nyingine, akaogopa. Mchana kutwa alizunguka katikati ya milango iliyofanana, asijue upi ni wa watu, mpaka alipoona doa jeupe ukutani. Akalifuata kwa mikono na magoti.

Nakijwa alimpa uji. Mzee aliunywa akitetemeka, macho yake yakitembea juu ya kuta zile, kwenye boga, kwenye milima, kwenye mvua.

"Huo udongo," akasema hatimaye, "bado upo?"

Kesho yake walitoka kwa kamba, Nakijwa na Kiangi na Mzee Senkondo, wakienda nyumba kwa nyumba. Kila mlango waliofikia, Mzee aligonga na kuwaambia walio ndani watoe mkono na udongo, na wenye nyumba wakachora walichoona moyoni mwao. Huku wakachora samaki wa mtoni, kule migomba, kwingine macho makubwa yaliyomtisha hata mchoraji. Mzee alishikilia jambo moja tu, pasiwe na nyumba mbili zenye mchoro mmoja. Ilipofika alasiri nyumba zote thelathini na moja zilikuwa zimechorwa.

Na ya thelathini na mbili ikabaki wazi. Ilikuwa imeketi chini kidogo ya nyumba ya Nakijwa, ukuta wake mtupu, moshi wake ukifuka.

Hakuna aliyeikaribia. Zimwi likaanza kuita. Liliita siku tatu mfululizo, kwa sauti za wote lililowameza, na siku zile tatu, wazee wetu walisema, zilikuwa mbaya kuliko zote arobaini zilizotangulia. Watu walijiziba masikio kwa nta. Mama mmoja alifungwa kamba na wanawe asije akatoka kumfuata kaka yake.

Siku ya tatu lilimwita Nakijwa.

"Mke wangu," ilisema sauti ya Mbazi, ileile ya upole, yenye kikohozi chake kidogo. "Nimerudi. Nimechoka. Njoo unipokee mzigo."

Bi Nakunda alishika kifua. Kiangi aliruka. "Mama, ni baba!"

Nakijwa alimkamata mtoto mkono, akamvuta kwake. Alitaka kumwambia si baba, lakini neno halikutoka, kwa kuwa hakuna kitu duniani kilichofanana na baba kama sauti ile. Alisimama mlangoni, kidole chake kwenye mgongo wa kuku, machozi yakimdondoka kidevuni.

"Kama ni wewe," akasema kwa nguvu, ukungu mzima umsikie, "njoo mwenyewe. Nyumba yetu siku hizi ina kuku mweupe mlangoni. Ana miguu mitatu, alichorwa na mwanao. Huwezi kuipotea. Njoo, Mbazi. Uji uko motoni."

Wakangoja. Bi Nakunda aliinamisha kichwa kusikiliza kama vipofu wanavyosikiliza. Kama kungekuwa na hata unyayo mmoja juu ya nyasi, angeusikia. Hapakuwa na unyayo. Sauti ikaita tena, kutoka palepale, kwa maneno yaleyale, na kikohozi kilekile mahali palepale. Ndipo Nakijwa akajua kuwa amekuwa mjane. Akaketi chini pale mlangoni, akamlilia mumewe kwa mara ya kwanza kama mtu anavyomlilia aliyekufa.

Siku ya nne ukungu ulifunguka. Chini ya nyumba ya Nakijwa palikuwa na duara kubwa la nyasi zilizolala, na zimwi halikuwepo. Limekwenda wapi, hakuna aliyefuata kujua.

Na tangu siku hiyo, kila baridi inapokaribia, watu wa Kwelumbo huchora kuta zao upya. Mama huchanganya udongo mweupe, masizi na gae lililopondwa, na kila mtoto wa nyumba, hata anayenyonya, huwekwa kidole chake ukutani. Mchoro wa mtoto hausahihishwi. Mchoro wa jirani hauigwi. Ukimuuliza mtu wa huku anakaa wapi, hatakutajia jina la baba yake, atakuambia kwenye samaki, kwenye migomba, kwenye macho. Na arudipo kutoka shambani, hata jua likiwa linawaka, hugusa ukuta kwanza ndipo ainame kuingia.

Nanyi mtakaopita njia hizi wakati wa ukungu, mkikuta nyumba yenye ukuta mtupu, msibishe hodi. Hata moshi wake ukinukia viazi. Hata mkisikia humo ndani mtu anawaita kwa majina.